Maswali ya Wasomaji: Chui Yule Yule, au Mwingine?

Barua za safari hii nyingi zimetoka Lindi na Mtwara, na karibu zote zinazunguka jambo moja: je, kompyuta inaweza kuangalia picha na kusema huyu ni mnyama yule wa juzi? Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha, sehemu wanazotoka tumezibakiza.

Ndugu wahariri, salaam. Sisi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, Liwale. Tumepewa kamera nne za mtego, zinazojipigia picha mnyama akipita, na tunataka kujua chui wako wangapi katika eneo la jumuiya yetu ya hifadhi ya wanyamapori. Tuzifunge wapi, na kompyuta itatuhesabia?

Kompyuta haitawahesabia. Itawaambia kwamba picha hii na ile huenda ni za chui mmoja. Hesabu ni kazi nyingine inayofuata. Na kamera nne ni vituo viwili, si vinne. Madoa ya ubavu wa kushoto wa chui hayafanani na ya ubavu wake wa kulia. Mkipata ubavu wa kushoto Jumatatu na wa kulia Alhamisi, hakuna programu wala mtaalamu atakayejua kama ni chui mmoja au wawili. Kila kituo kinahitaji kamera mbili, moja kila upande wa njia.

Kwa vituo viwili hamtapata idadi ya chui wa eneo zima. Tafiti za chui kwa kawaida hutumia vituo ishirini na zaidi, vikiwa vimeachana kilometa moja na nusu hadi tatu, kwa muda wa miezi miwili hivi. Muda hauongezwi ovyo kwa sababu hesabu yenyewe inachukulia kwamba ndani ya kipindi hicho hakuna aliyezaliwa, aliyekufa wala aliyehama. Mtakachopata ninyi ni albamu ya chui wanaopita mahali fulani, na hiyo ni mali. Mtafiti mwenye kamera nyingi akija kesho, ataanzia hapo.

Sasa kufunga. Chui hupenda kutembea njiani kama watu: njia ya gari la doria, makutano ya njia za wanyama, korongo lililokauka. Tafuteni mahali penye nyayo au kinyesi, na penye kivuli. Kamera ifungwe sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita mbili na nusu hadi tatu kutoka katikati ya njia, ikiitazama njia kwa pembe mraba ili ubavu uonekane wote. Zile mbili zisitazamane uso kwa uso. Sogezeni moja kama mita moja pembeni, la sivyo flashi ya hii itaiunguza picha ya ile. Lenzi isielekee mashariki wala magharibi, maana jua la asubuhi na jioni litawapa picha nyeupe tupu.

Kivuli tumekitaja kwa sababu. Kihisio cha kamera hakimwoni mnyama, kinahisi tofauti ya joto kati ya mwili wake na mandhari ya nyuma. Saa nane mchana, ardhi ya miombo isiyo na kivuli ikishapata joto la mwili, chui anaweza kupita na kamera isishtuke. Upande wa pili, nyasi lililopata jua likitikiswa na upepo litawapigia picha elfu tatu mpaka kadi ijae. Fyekeni mbele ya kamera hadi ng'ambo ya njia, na mfyeke chini kabisa.

Kuhusu moto. Huku kwetu masika ni moja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili au Mei, na msimu mzuri wa kazi hii ni kiangazi, ambao ndio msimu wa kuchoma nyasi. Kwangueni ardhi ibaki tupu mita tatu kuzunguka kila mti wenye kamera. Kamera nyingi za miombo huliwa na moto.

Kamera zenu kama ni za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, mjue kwamba usiku hutumia mwanga hafifu na hivyo hufungua lenzi kwa muda mrefu. Chui akitembea haraka, madoa yanavutika na kuwa ukungu, na picha ya namna hiyo haifai kutambua. Flashi nyeupe hutoa madoa makali kama ya mchana, ila inaonekana na kila mtu aliye porini usiku. Mkiwa na infraredi tu, wekeni gogo dogo njiani mbele ya kamera ili mnyama apunguze mwendo.

Kabla hamjaondoka: kadi ifomatiwe ndani ya kamera hiyo hiyo, betri zote ziwe za aina moja na mpya kwa mpya, tarehe na saa za kamera zote zilingane, na mkague kama mfumo ni wa saa 12 au 24, maana makosa ya mchana kuwa usiku ni ya kila mara. Kisha mmoja wenu atambae mbele ya kamera akishika kibao chenye jina la kituo na tarehe. Picha hiyo ya kibao itawaokoa siku kadi zitakapochanganyika.

Kibali msikisahau. Ndani ya eneo la jumuiya mnahitaji uongozi wa jumuiya ujue. Kwenye pori la akiba ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Na ikiwa ni utafiti, taratibu za TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) zinahusika.

Shikamooni wahariri. Nasoma kompyuta chuoni hapa Mtwara, na mradi wangu wa mwisho ni kutambua chui mmoja mmoja. Modeli, yaani programu niliyoifundisha kwa picha, inapata asilimia 97, lakini nikiipa picha za eneo jingine inaboronga. Nimekosea wapi?

Marahaba. Tunaanza kushuku namna ulivyogawa picha. Kamera ya mtego ikishtuka hupiga picha tatu au tano mfululizo. Ukizigawa kwa bahati nasibu, ya kwanza inaangukia kwenye fungu la mafunzo na ya pili kwenye fungu la jaribio. Modeli hapo haikumtambua chui, imekumbuka picha pacha. Gawa kwa tukio, si kwa picha: picha zote za usiku mmoja ziende upande mmoja. Vizuri zaidi, fundisha kwa picha za kipindi cha kwanza na ujaribu kwa za kipindi kinachofuata. Ile 97 itashuka, na itakayobaki ndiyo yako kweli.

Cha pili ni mandhari ya nyuma. Chui jike anayekaa karibu na kituo kimoja atakuwa na mti ule ule nyuma yake katika picha zote, na modeli itajifunza mti kwa sababu mti hauchezi. Kwanza mkate mnyama umtoe kwenye mandhari ya picha. MegaDetector, programu ya bure, inachora kisanduku kuzunguka mnyama, mtu au gari. Haijui kama ni chui au ngiri, na haihitaji kujua. Kwa toleo la tano anza na kiwango cha uhakika cha 0.2 halafu kagua picha za chini yake, kwa sababu mnyama aliyejificha nusu nyuma ya nyasi huangukia huko. Inafanya kazi bila intaneti, hata kwenye laptopu isiyo na kadi ya michoro, ila uwe na subira. Baada ya kukata, tenga ubavu wa kushoto na wa kulia katika mafaili mawili yasiyokutana. Usimgeuze mnyama kama kwenye kioo ili kuongeza idadi ya picha za mafunzo: ubavu wa kushoto uliogeuzwa utaonekana kama wa kulia wa chui asiyekuwepo.

Cha tatu ni muundo wenyewe. Tunahisi umejenga modeli ya kuchagua jina, chui arobaini, majina arobaini. Modeli ya hivyo haina namna ya kusema "huyu simjui". Akija chui mgeni, atapachikwa jina la mwenyeji, na eneo jipya lote ni wageni. Unachotaka ni modeli inayogeuza kila picha kuwa vekta, yaani safu ya namba, ili picha za mnyama mmoja zikae karibu na za wanyama tofauti zikae mbali. Ndiyo kazi ya mafunzo kwa mbinu ya ArcFace au kwa mbinu ya utatu: picha ya kulinganisha, ya mnyama huyo huyo na ya mwingine. Kisha unapima umbali wa vekta, na unaweka kizingiti, yaani umbali wa mwisho wa kukubali kwamba ni mnyama mmoja. Kila aliye mbali na wote ni mpya.

Usifundishe modeli kutoka sifuri kwa picha mia mbili. Anza na MegaDescriptor, modeli ambayo imekwisha kufundishwa kwa spishi nyingi, uilinganishe na mbinu ya kale zaidi, HotSpotter ya mwaka 2013. Hii ya pili haihitaji mafunzo yoyote: inatafuta alama ndogo za madoa kwa mbinu ya SIFT, inazilinganisha kati ya picha mbili, na inakuonyesha kwa mistari alama zipi zimefanana. Kwa albamu ndogo ya wanyama wenye madoa makali bado ni mshindani mgumu. Inashindwa mnyama akigeuka sana pembeni, au akijikunja ngozi ikavutika.

Uweke kizingiti wapi? Tazama kinachotokea kwenye hesabu. Tuseme kipindi cha kwanza umetambua chui 12, cha pili 10, na 4 kati yao wameonekana vipindi vyote viwili. Kwa kanuni ya Chapman, inayokadiria idadi yote kutokana na wanaoonekana tena: (12+1) mara (10+1), gawanya kwa (4+1), toa 1. Unapata takriban 28. Sasa programu ikose kumtambua mmoja tu, wanaojirudia wawe 3: unapata takriban 35. Chui saba wamezaliwa na kosa la picha moja. Ikiunganisha wawili tofauti, waliojirudia wawe 5, unapata 23. Ndiyo maana hatuachi mashine iamue. Iagize ikuletee wafanani kumi wa juu kwa kila picha, watu wawili wakague kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana picha iwekwe kando. Picha mbaya itupwe kabla ya kulinganishwa, si baada ya kuonekana haikupata mwenzi.

Wahariri, mimi ni mkulima Nachingwea. Tembo wanaingia mashambani usiku. Wengine wanasema ni yule yule mmoja, wengine wanasema ni kundi. Kamera inaweza kumaliza ubishi?

Inaweza, ukipata masikio. Ukingo wa sikio la tembo huchanika kadiri anavyoishi, kwa miiba, matawi na ugomvi, mpaka unakuwa kama ukingo wa karatasi iliyotafunwa na panya, na hakuna wawili wenye mitafuno sawa. Programu za tembo hufuata mchoro wa ukingo huo badala ya madoa. Wanaofanya kwa macho huandika pia matundu ndani ya sikio, mishipa inayoonekana, na pembe: ngapi, ipi fupi, zimeelekea wapi. Pembe peke yake usiitegemee, maana huvunjika; mpasuko wa sikio huongezeka lakini haurudi kuziba.

Kwa tembo, kamera iinuliwe hadi mita mbili au zaidi, iinamishwe kidogo kuelekea chini, na iwekwe mwisho wa njia wanayoingilia ili iwapate kwa mbele, masikio yakiwa wazi. Picha ya ubavu inatoa sikio moja tu, mara nyingi limelazwa mwilini. Usiku infraredi inatosha hapa, kwa kuwa ukingo wa sikio ni mkubwa kuliko doa la chui. Tope lililokauka huficha mipasuko midogo, hivyo usimtangaze tembo mpya kwa picha moja. Na kamera iwe kwenye boksi la chuma. Tembo akiiona huivuta.

Katika Afrika wavamizi wa mashamba mara nyingi ni madume, peke yao au wawili watatu. Mkigundua kwamba ni watatu wale wale wanaozunguka vijiji vinne, taarifa yenu kwa afisa wanyamapori wa wilaya itakuwa na uzito tofauti na ile ya "tembo wamekuja tena". Lakini tuseme wazi: kumtambua si kumzuia. Na usimfuate na simu yenye flashi.

Natokea Masasi. Simba hana madoa. Naye anatambulikaje?

Kwa madoa ya sharubu. Kila unywele wa sharubu huota kwenye doa jeusi, na juu ya safu kuu kuna madoa machache ambayo nafasi zake hutofautiana kwa kila simba na kwa kila upande wa uso. Watafiti Pennycuick na Rudnai walieleza njia hii mwaka 1970, kwa macho na karatasi, na bado inatumika. Taabu yake ni kwamba inataka picha ya karibu, ya pembeni, ya mchana. Kamera ya mtego hutoa hiyo mara chache sana. Kwa hiyo simba wengi bado hupigwa picha na mtu aliye ndani ya gari, akiandika pia makovu na mipasuko ya masikio. Palahala na nyati ni vigumu zaidi, tusidanganyane. Mbwa mwitu, fisi madoa, kanu, punda milia na tandala ni rahisi.

Mimi ni mwalimu wa klabu ya mazingira, Liwale. Nimesoma kwamba twiga wanatambulika vizuri kwa kompyuta. Wanafunzi wangu waanze na twiga?

Twiga wanatambulika vizuri kweli, na kazi kubwa ya namna hiyo imefanyika Tarangire kwa programu iitwayo Wild-ID. Lakini kusini mwa Rufiji hakuna twiga wa porini, mwalimu. Wapeni wanafunzi punda milia: milia ya bega na ubavu, upande mmoja tu uliokubaliwa tangu siku ya kwanza, kushoto au kulia. Wachanganye picha thelathini za wanyama kumi na wapange kwa macho bila kompyuta. Watakapoanza kubishana ndipo somo limeanza.

Mimi ni mvuvi wa Msimbati, tumo ndani ya hifadhi ya bahari. Zamani kasa walifungwa bati kwenye kasia. Sasa tunaambiwa picha ya uso inatosha. Ni kweli? Na papa potwe?

Ni kweli, mzee wetu. Bati hudondoka, magamba ya shavu, nyuma ya jicho, hukaa. Umbo na mpangilio wake ni wa kasa huyo peke yake, na kushoto si sawa na kulia, hivyo picha ni mbili. Piga picha ukiwa usawa wa jicho lake, si kutoka juu, uso mzima ujaze fremu. Mchanga uliomganda usiufute kwa mkono. Kwa kasa anayetaga, flashi hapana, tochi nyeupe hapana. Subiri hadi ameanza kudondosha mayai, tumia mwanga mwekundu, kaa nyuma yake, na sogea kwa uso dakika za mwisho tu. Kasa aliyeshtuka hurudi baharini bila kutaga.

Papa potwe ana madoa meupe mgongoni na ubavuni, na sehemu inayotumika ni ile iliyo nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani, upande wa kushoto kwanza. Kaa mita tatu kutoka kwake, sambamba naye, bila kumgusa. Hesabu inayolinganisha madoa hayo ilitoka kwenye elimu ya nyota: Groth aliitunga mwaka 1986 kwa kulinganisha picha za nyota, kwa pembetatu zinazoundwa na nukta tatu tatu, na mwaka 2005 Arzoumanian, Holmberg na Norman wakaihamishia kwa papa potwe. Picha hukusanywa katika mfumo wa Wildbook, na papa aliyepigwa picha Mafia anaweza kulinganishwa na aliyepigwa picha Msumbiji. Maji yakiwa na tope au chembe nyingi, programu huzihesabu chembe kuwa madoa. Mtu inabidi aziweke alama mwenyewe kwa kipanya.

Nyangumi wa nundu wanaopita Mnazi Bay kuanzia Julai, wapigeni picha chini ya mkia wanapouinua kuzama. Injini ipunguzwe, mashua isikate mbele yao.

Na mkimkuta silakanti, yule samaki adimu wa vilindini, kwenye jarife la maji marefu, kama aliyevuliwa upande wa Kilwa mwaka 2003, mpigeni picha pande zote mbili mara moja kabla hamjafanya lolote. Naye ana madoa meupe ya kwake peke yake. Mtafiti Hans Fricke aliwatambua mmoja mmoja kwa madoa hayo huko Komoro akiwa ndani ya nyambizi. Akifa rangi ya buluu hugeuka kahawia. Kisha wajulisheni watu wa hifadhi.

Nyongeza kwa wote mnaotuma picha kwa simu. WhatsApp ikitumiwa kama picha hubana faili na kufuta taarifa za mahali. Madoa madogo hupotea humo. Ikitumwa kama dokumenti, picha hufika nzima pamoja na GPS yake. Kwa mtafiti unayemjua, tuma dokumenti. Kwenye kundi la watu mia mbili, tuma picha ya kawaida, na usiandike jina la korongo, majangili wasijue alipo mnyama.